Mstari Kwenye Shavu la Bwana

Wewe umepita pale. Usinikatalie. Umepita na mfuko wako wa nyanya, au na bahasha yako ya ofisini, umekatiza bustanini ili ukwepe jua la barabarani, ukamwona Yesu wa saruji amepiga magoti mbele ya kigoda kitupu, karai chini yake, viganja wazi, ukageuza uso ukachungulia simu. Ukipata wageni unawapeleka wakapige picha. Ukipata shida unakuja peke yako, unakaa kwenye kile kigoda, unavua kiatu kimoja, unauweka mguu wako kwenye vile viganja na kufumba macho. Sikucheki. Na mimi nimekaa pale, tena zaidi ya mara moja. Na mvua ikikatika unakimbia na wenzako kwenda kuliona chozi: mwili wote wa Bwana umeshakauka, mweupe, umebaki mstari mmoja tu uliolowa, kutoka chini ya jicho hadi kwenye kidevu. Unajifuta macho. Unarudi nyumbani umenyamaza.

Lakini hujauliza hata siku moja ni nani aliyeifanya kazi ile. Umesoma kibao, kibao kimesema mkandarasi, basi ni mkandarasi. Kingesema mbuzi ungesema mbuzi.

Mimi nilikuwepo. Miaka thelathini na mmoja imepita na sijasahau hata rangi ya ndoo. Bustani ilikuwa jalala wakati ule. Halmashauri na kanisa wakakubaliana kulisafisha, kazi akapewa mkandarasi mmoja mwenye sauti nzuri na viatu visivyoshika vumbi. Ajenge ukuta, njia, vyoo, bwawa la samaki ambalo mpaka leo halijaona hata dagaa, na pale katikati aweke sanamu ya Bwana akimwosha miguu mwanafunzi wake. Kwa ajili ya sanamu alimleta mchongaji aliyesomea. Mchongaji akaja na suruali nyeupe, akachora picha kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo, akala chakula cha mchana, akasema atarudi Jumatatu. Hakusema Jumatatu ya mwaka gani.

Wanawake pale kazini tulikuwa sita. Watano tulikuwa wa kubeba maji na mchanga. Wa sita alishika mwiko, na huyo ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Lipu kwa sababu ukuta aliopiga lipu yeye ulikuwa laini kama ganda la yai. Nzi akitua, walisema, anateleza. Alikuwa na kawaida moja. Saruji ikibaki kwenye karai mwisho wa siku hakuimwaga. Alikwenda nyuma ya vyoo, mahali ambapo hakuna mkubwa angepita, akaibandika ukutani na kuifinyanga sura za watu: fundi bomba na meno yake, mlinzi anasinzia, mimi mdomo wazi. Nilipolalamika alinijibu, "Nikikutengeneza umefunga mdomo, wifi, nani atakutambua?" Siku moja mkandarasi alibanwa na haja, akapitia upande ule, akajikuta uso kwa uso na yeye mwenyewe: shavu limejaa chakula, jicho moja linaangalia sahani ya jirani. Tukajua leo mtu anamwaga unga. Mkandarasi akamuuliza Mama Lipu taratibu kama anaweza kutengeneza kubwa kuliko hiyo.

Siku tatu nzima Mama Lipu hakugusa saruji. Alizunguka akiangalia watu wanavyopiga magoti, na hakwenda kanisani kuwatafuta. Aliwaangalia pale pale kazini. Anayefunga waya hupiga magoti. Anayepanga matofali ya njia hupiga magoti. Hata anayetafuta msumari kwenye majani. Akasema ile picha ya mkaa ni ya mtu anayeomba radhi, na Bwana siku ile hakuwa anaomba radhi, alikuwa kazini. Akamwita kaka yake, yaani mume wangu, aliyekuwa akikunja nondo, akamwambia apige magoti mbele ya karai. Akapiga. Mimi hakuwahi kunipigia magoti hata siku aliponiposa, nikamwambia hivyo mbele ya watu, naye akajibu bila kugeuza kichwa kwamba mimi sikuwa na karai.

Ndiyo maana ukizunguka nyuma ya sanamu unauona mgongo wa mtu aliyezoea kubeba nondo, bega la kulia limeshuka kidogo, na nyayo mbili zilizotazama juu zina magaga. Magaga, kwenye miguu ya Mwana wa Mungu. Mkandarasi alitaka yalainishwe. Mama Lipu akamuuliza kama amewahi kumwona mtu aliyezunguka nchi nzima kwa miguu akabaki na visigino vya mtoto mchanga. Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita. Mgongo wake uko pale. Nikitaka kumwona najua njia.

Na kile kigoda kitupu, ambacho wasomi wamekihubiria wakasema ni fumbo alilolibuni mkandarasi? Mkandarasi alitaka mwanafunzi awekwe, tena awe na sura yake yeye mkandarasi. Mama Lipu akamwambia sawa bosi, ila nondo hazitoshi. Nondo zilijaa stoo hadi mlango haufungi. Jioni, tukinawa, akaniambia, "Kila mtu aje na miguu yake."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Sanamu ya saruji haichongwi, inajazwa. Unafunga mifupa ya nondo, unaivika waya wa kuku, halafu unapaka saruji kwa kiganja, tabaka juu ya tabaka, na kila jioni unaifunika magunia yaliyoloweshwa isije ikapasuka. Lakini saruji ya jana na ya leo haziwi kitu kimoja. Uzibembeleze utakavyo, pale zinapokutana hubaki kiungo, na kiungo hunywa maji kuliko sehemu nyingine na huchelewa kukauka. Kwa hiyo fundi anayejiheshimu huliangalia jua. Kabla halijazama awe ameshafika kwenye mkunjo wa nguo, au kwapani, au chini ya mshipi, akatize hapo, ili kiungo kijifiche. Mama Lipu alifanya kazi siku kumi na moja. Viungo vya jioni vilikuwa kumi, na vyote alivificha. Kikaongezeka kimoja kilichomshinda.

Siku ya uso ilikuwa ya mwisho. Wifi yangu alikuwa na mtoto wa miezi mitano, amemwacha nyumbani kwa mama mkwe wangu, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na kila adhuhuri alikwenda kumnyonyesha akarudi. Asubuhi ile mkandarasi alikuja na wageni wa kanisa, akawaahidi kwamba jioni watauona uso wa Bwana, akamwambia Mama Lipu asitoke getini mpaka amalize. Akaanzia sikio la kulia. Akaja kwenye jicho, pua, mdomo, jicho la pili. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya pipa nikimpa maji kwa kikombe, kwa hiyo niliona gauni lake likianza kulowa kifuani, madoa mawili kwanza, kisha kifua chote, na hayakuwa maji yangu. Aliendelea hadi katikati ya shavu la kushoto, akauweka mwiko kwenye karai, akashuka ngazi na kukimbia. Mlinzi alimwita. Hakugeuka.

Aliporudi, shavu lilikuwa limeshika, gumu kama goti. Akakwangua ukingo, akalowesha, akamalizia nusu iliyobaki bila kupumzika. Alipofunika magunia hakulitazama tena lile shavu.

Siku ya ufunguzi sisi watu wa saruji tuliwekwa nje ya uzio kwa sababu ya nguo zetu. Kibao kilikuwa tayari. Mvua ya kwanza ikanyesha wiki ya pili, ikakatika, jua likatoka, Bwana akakauka wote isipokuwa mstari mmoja. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo kichwani aliiacha ikaanguka. Kabla ya saa kwisha bustani ilikuwa haina pa kuweka mguu, na watu wamepiga magoti hadi kwenye maua. Mkandarasi alipoulizwa alikunja mikono, akatazama juu, akasema alikusudia.

Tangu siku ile sijanyamaza. Kusoma nilijifundisha kwenye mifuko ya saruji, na kuandika nilijifundisha kwa hasira. Nimepeleka barua halmashauri, zimefunguliwa, zimefungiwa vitumbua, sijui, majibu sikuyaona. Nimebandika karatasi getini, zikabanduliwa kabla gundi haijakauka. Wakanipa jina la Redio Mbao. Haya, redio mbao, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mwenye haki mwenyewe hakufungua kinywa. Miaka yote ile Mama Lipu hakukanyaga bustani. Nikimtaja mkandarasi, anaulizia bei ya mkaa. Nilidhani anaogopa. Nimemwita mwoga moyoni mwangu miaka thelathini na mmoja, na leo nakwambia hapa nilikuwa mjinga.

Mwaka huu halmashauri imeamua kumkarabati Bwana. Apigwe lipu mpya kuziba kile wanachokiita nyufa, apakwe rangi ya mafuta nyeupe, pindo za nguo ziwe za dhahabu, na mbele yake kisimikwe kibao cha marumaru chenye jina la mkandarasi, ambaye siku hizi ni mzee wa fimbo na kofia. Kazi inaanza Jumatatu. Niliposikia hivyo, Jumatano iliyopita, nilikwenda kwa wifi yangu bila hata kufunga mlango wangu vizuri.

Nilimkuta sebuleni, chumba cha mbele chenye makochi mawili na ukuta unaong'aa bila rangi. Alikuwa ameitumbukiza mikono yake kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Vidole vyake vimeliwa na saruji. Kucha tatu hazipo tena. Mezani alikaa binti yake, yule wa miezi mitano, sasa ni fundi umeme, amefungua swichi na kubana bisibisi kwa meno. Nikamwaga maneno yangu yote. Haki, wizi, kizazi kijacho, yote. Wifi yangu alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Umemaliza, wifi?"

Nikasema bado.

"Basi pumua kwanza. Unataka nisimame mbele za watu niseme ile kazi ni yangu. Kiungo katikati ya shavu. Fundi gani anakatiza kazi katikati ya shavu?"

Nilidhani ananitania, kama mawifi tulivyozoea. Nikamtazama usoni, hakuwa anatania. Akanieleza taratibu, macho kwenye beseni, kwamba siku walipokiweka kile kibao alishukuru. Kibao chake, lawama zake. Mafundi wa miji mingine wanapita pale, alisema, wanainua macho, na fundi haambiwi. Anajua pale mtu aliharibu. Mvua ikinyesha yeye hufunga madirisha. Nyinyi mnaona chozi la Bwana, akasema, mimi naona kazi mbovu, tena usoni, tena ya kwangu.

Redio ikazimika. Watu wamelia mbele ya mstari ule, wamepatana na ndugu zao, wameacha pombe, na aliyeuweka pale amekaa nyumbani akiuonea aibu kama mtu aliyeshona suruali mguu mmoja mfupi.

Binti yake alitoa bisibisi mdomoni. Akauliza kwa nini alikatiza.

Mama Lipu alitoa mkono mmoja majini, akautazama, akaurudisha.

"Ulikuwa na njaa," alimwambia.

Yule binti alikuwa hajui. Hakuwahi kuambiwa. Na yeye amesimama pale kwenye umati baada ya mvua, amekaa kwenye kigoda kabla ya mitihani yake ya ufundi, mguu kwenye viganja, akiomba. Aliendelea kuishika ile swichi kama mtu aliyesahau ni kitu gani. Mimi nikaona nimalize tu nilichojia, nikasema basi, kama ni aibu, Jumatatu itakwisha, wanampaka rangi ya mafuta.

Mikono ikatoka majini.

"Rangi gani?"

Ya mafuta, nikarudia. Na lipu juu ya ile ya zamani.

"Juu ya saruji inayokaa mvuani? Itapumulia wapi?" Sasa alikuwa ananiuliza mimi kana kwamba ndiye niliyetoa amri. Maji yataingia kwa chini, akasema, kwenye magoti, yatakosa pa kutokea, yatakaa kwenye nondo, nondo zitaota kutu, kutu itavimba. Mvua tatu ni nyingi. Atapasuka kuanzia kifuani. Akajifutia mikono kwenye gauni na kumwambia binti yake amletee viatu.

Ndiyo hivyo. Haki yangu ya miaka thelathini na mmoja haikumwinua kwenye kochi. Iliyomwinua ni rangi mbaya.

Alhamisi asubuhi tulifika bustanini sisi watatu. Afisa wa bustani alikuwepo na faili lake, kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi. Mkandarasi alikuwepo na fimbo yake, amekuja kuchagua mahali pa marumaru. Kulikuwa na wapaka rangi wanne na makopo yao, na watunza bustani wawili wanaomwagilia kwa mpira. Wifi yangu alimwamkia mkandarasi, shikamoo bosi. Akaitika marahaba na kumuuliza yeye ni nani.

Kwa afisa alizungumza juu ya rangi tu, kwa adabu, akimweleza njia ya maji kwa kidole. Afisa naye kwa adabu akamwambia kwamba wataalamu wameshaamua, na je, mama ni mtaalamu wa nini. Hapo binti akasema, "Ndiye aliyemtengeneza."

Mkandarasi alicheka, kicheko kizuri, hata wapaka rangi wakatabasamu. Akasema kila mwaka hujitokeza mtu wa namna hii. Akamwelekezea afisa chozi kwa ncha ya fimbo, akaeleza alivyolibuni, alivyokosa usingizi. Niliuma ulimi mpaka ukaniuma.

"Chozi nakuachia, bosi," alisema Mama Lipu. "Nionyeshe viungo vingine kumi."

Mkandarasi akasema hakuna viungo. Sanamu yote, akasema, ilimwagwa kwa mkupuo mmoja. Mmoja wa wapaka rangi, mtu mzima, aliacha kutabasamu. Na yeye amewahi kushika mwiko.

Wifi yangu akaipa sanamu kisogo. Akamwomba afisa aandike. Na pale, akitazama ukuta, akaanza kutaja mistari ya viungo. Wa kwanza chini ya goti la kulia, unafuata pindo la kanzu hadi kisigino. Wa pili umezunguka karai kwa ndani ya mdomo. Wa tatu kwenye mshipi, lakini upande wa mgongo umeshuka vidole viwili, kwa sababu siku hiyo kaka yake alikohoa akasogea na yeye akacheka. Akaendelea hivyo, kwapa, mkunjo wa mkono, ukosi, nyuma ya nywele, bila kusita, kama unavyotaja watoto wako. Afisa aliandika yote kumi. Kisha akawaambia watunza bustani walete mpira.

Wakamlowesha Bwana kuanzia kichwani. Akawa mweusi wote, maji yanachuruzika kwenye karai. Wakafunga bomba. Jua lilikuwa kali, hakuna wingu. Tukasubiri.

Nataka nikwambie nilichokiona, na sitatia chumvi, maana hakihitaji. Mabega yakaanza kupauka. Kisha kichwa, kisha mgongo wa mume wangu. Weupe ukawa unashuka mwilini polepole, na nyuma yake, pale ulipopita, ikabaki mistari. Mmoja, mwembamba kama uzi, ukatokeza chini ya goti la kulia na kufuata pindo hadi kisigino. Mwingine ukazunguka ndani ya mdomo wa karai. Wa mshipi ukaja, ukafika mgongoni, ukashuka vidole viwili. Sikuwa nimeiona hata mara moja, kwa sababu miaka yote hii macho yangu na yako yalikuwa kwenye shavu. Nani angechungulia kwapani kwa Bwana? Kumbe siku zake zote zilikuwa pale. Jumatatu yake, Jumanne yake, jua alilokimbizana nalo, mahali alipoishiwa nguvu, mahali nilipomwambia twende nyumbani akasema ngoja kidogo. Siku kumi na moja za mwanamke mmoja zimeandikwa kwenye mwili wa Mungu, na mwili umezibeba bila kumwambia mtu.

Afisa alikuwa akitazama karatasi, anatazama sanamu, anatazama karatasi. Kila mstari aliuwekea alama, hadi wa kumi. Yule mpaka rangi mtu mzima alivua kofia. Watu waliokuwa wakikatiza njia walisimama na hakuna aliyewaambia wasimame. Mistari kumi ikabaki dakika kadhaa, ikafifia mmoja mmoja, na mwisho kabisa ukabaki ule wa kumi na moja, peke yake, kwenye shavu.

Mama Lipu bado alikuwa anatazama ukuta. Binti yake akamshika mabega na kumgeuza.

Aliutazama kwa mara ya kwanza. Sikuweza kumsoma uso. Alisogea mpaka akamkaribia Bwana kama alivyokuwa siku ile juu ya ngazi, akanyoosha mkono wake usio na kucha, akapitisha dole gumba kwenye kiungo chote, kutoka juu hadi chini, akibonyeza, akitafuta ufa.

"Kimeshika," alisema. "Hakijafunguka."

Hayo tu. Miaka thelathini na mmoja ya jua na mvua, na nusu mbili za shavu hazijaachana hata unene wa unywele. Alikuwa na haki ya kujivuna tangu zamani na hakujua, kwa sababu hakuja kuangalia. Binti yake alipitisha kidole palepale baada yake, taratibu, kuanzia jichoni. Alipofika kidevuni akakaa kwenye kigoda, na buti zake za kazi. Nami ninayeona kila mahali njama za wakubwa, nilijikuta nimefumba mdomo, nikisikia kitu kimoja tu kichwani: kwamba Bwana mwenyewe angekatiza kazi yoyote kwa ajili ya mtoto mwenye njaa, na kwamba basi uso ule unafanana naye kuliko tulivyojua. Sasa niambie, ukishaujua ukweli huu, chozi limepungua?

Mkandarasi alisema yeye ndiye aliyemwajiri Mama Lipu. Akaondoka, na fimbo yake ilisikika hadi getini.

Afisa alimuuliza Mama Lipu, akipewa nafasi, angetaka nini.

"Andika Mama Lipu," alisema. "Hilo ndilo jina nililofanyia kazi. Na huo mstari msiuzibe."

Kijana akaandika. Kisha akafunga faili na kutwambia ukweli, nami namheshimu kwa hilo. Alichokiona amekiona, lakini yeye ni afisa mdogo, marumaru imeshachongwa, wapaka rangi wana mkataba. Njia ni moja. Wakazi mia moja wakiandika pingamizi kwa mkono wao katika kitabu cha ofisi yake kabla ya Jumamosi saa sita mchana, kazi inasimama kwa sheria, na suala la kibao linafunguliwa upya. Wakipungua mia, Jumatatu asubuhi makopo yanafunguliwa, siku kumi na moja zinazikwa chini ya rangi, na wifi yangu ameshatwambia mvua ngapi zitatosha kumaliza kilichobaki.

Leo ni Ijumaa. Nimeyaandika haya nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya ofisi ile, na kitabu kiko mbele yangu. Tumefika sitini na wawili. Wapaka rangi wanne wameandika, wote. Wewe hujaandika. Uliyewahi kuuweka mguu wako kwenye vile viganja, uliyelia mbele ya lile shavu, wewe hasa. Halmashauri, chumba namba tatu, mlango wa bluu, kalamu imefungwa kwa uzi mezani. Usiniambie utakuja kesho. Kesho wanafunga saa sita. Weka hii karatasi chini, vaa viatu, mshike mkono jirani yako, mje muandike sasa hivi.